Chujio la Hewa na Mwenye Pikapu

Kwa muda wa miaka miwili niliamini ya kuwa pikapu yangu inavuta hewa safi, na hoja yangu yote ilikuwa kwamba kila nirudipo Tanga kutoka Kibaya, ambako huenda kununua alizeti, nilikuwa nikimwamuru fundi afungue kasha la chujio, alipulize chujio kwa kompresa mpaka vumbi liishe kutoka, kisha alirudishe mahali pake. Wala sikujua ya kuwa uharibifu ulikuwa umejificha ndani ya uangalifu huo huo. Siku niliyoerevuka ni siku fundi mwingine wa mtaa wa Ngamiani, mtu mpole asiyependa maneno mengi, aliponiomba leso. Nilikuwa nayo nyeupe. Akalifungua bomba litokalo kwenye kasha la chujio kwenda kwenye turbo, upande ule ambako hewa imekwisha kuchujwa na ambako haifai kuonekana hata chembe ya mchanga, akakizungushia kidole leso ile, akapangusa ndani mara moja, akanirudishia. Ilikuwa nyekundu kama barabara ya Handeni.

"Mzee," akaniambia, "gari hii inakula barabara."

Sikuwa na jawabu. Basi haya nitakayoyaeleza si maneno ya mhandisi, bali ni ya mnunuzi aliyelipa ada ya elimu yake kwa bei ya turbo moja, na ambaye tangu siku ile hajanunua chujio bila ya kuuliza maswali mengi kuliko anavyopenda muuza duka.

Aliyezoea kusema kuwa gari huenda kwa dizeli ametoa nusu ya habari. Pikapu yangu ni Toyota Hilux yenye injini iitwayo 1GD, ambayo ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,755; na kwa kuwa kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili, injini hiyo ikienda mizunguko 2,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa safari, ingemeza lita 2,755 za hewa kila dakika hata kama isingekuwa na turbo. Mtu aliyekaa kitako kwa utulivu huvuta lita 7 hivi kwa dakika, kwa hiyo pikapu moja yavuta pumzi ya watu karibu 400. Na turbo, ambayo kazi yake ni kuishindilia hewa, penye mzigo na mlima yaweza kukipandisha kima hicho kikakaribia maradufu. Ukitaka kupima kwa njia nyingine, jua ya kuwa lita moja ya dizeli haiwezi kuungua sawasawa bila ya hewa ya kiasi cha lita 10,000 au zaidi kidogo. Tangi unalolijaza kwa fedha nyingi ni dogo mno ukililinganisha na hewa unayoipata bure, na ya bure ndiyo iliyobeba mchanga.

Vumbi lenyewe lataka kufahamika, kwa sababu wengi huogopa lile lisilodhuru na kulidharau lile lenye kuua. Changarawe na majani makavu na mende aliyenaswa mdomoni mwa bomba ni takataka za kuudhi tu, kwani hazifiki popote. Lenye hatari ni vumbi la silika, ambalo ni gumu kuliko chuma cha kawaida, na hasa zile chembe za mikroni 5 mpaka 20, ilhali unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi na jicho tupu aghalabu halioni kitu kilicho chini ya mikroni 40. Chembe hizo zina kipimo kinachokaribiana na unene wa utando wa oili utenganishao ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Zikiwa ndogo sana hupita pasipo kugusa, zikiwa kubwa sana hazipenyi, lakini zikiwa za kadiri hiyo husimama katikati na kusaga pande zote mbili, mithili ya msasa. Ndipo injini huanza kula oili, kuvuja pumzi kwa ndani, na kuwaka kwa taabu asubuhi. Wenzetu wanaowapeleka wageni Ngorongoro na Ndutu wana mashaka ya ziada, kwa kuwa vumbi la huko ni majivu ya volkano yaliyo laini kama unga, nalo hupita penye upenyo mdogo ambao udongo wa Handeni usingeuona.

Injini ya kisasa haikuongezewa ustahimilivu bali udhaifu. Gurudumu la turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mapezi yake membamba yakipigwa na mchanga kwa mwendo huo hulika ncha zake kama kisu kilichonolewa kupita kiasi. Kabla ya turbo, mara tu baada ya chujio, imewekwa sensa ya kupimia hewa, ambayo ndani yake mna waya mwembamba wenye joto. Kwa kadiri hewa inavyoupoza waya huo ndivyo kompyuta ya gari inavyojua hewa ni kiasi gani na kukata shauri la dizeli ya kunyunyiza. Waya ukivikwa koti la vumbi husema uwongo, na kompyuta ikiamini uwongo huo gari hukosa nguvu, taa ya injini huwaka, na mwenye gari huanza kununua nozeli na pampu asizozihitaji. Nimemwona jamaa akibadili nozeli zote nne kwa ugonjwa uliokuwa kwenye waya mmoja.

Wazee waliopata kumiliki Land Rover za zamani watakumbuka chujio la bakuli la oili, ambamo hewa ilipigishwa juu ya oili na vumbi likazama chini. Ukifika wakati wake ulilifungua, ukalimwaga tope, ukaliosha kwa mafuta ya taa na kulitia oili mpya, na kazi ikaendelea. Lilikuwa chujio la kuvumilia na lisilokwisha, walakini vumbi jembamba lilipita jingi. Nami nadhani hapo ndipo ilipozaliwa desturi yetu ya kufungua na kusafisha mara kwa mara, ambayo ilikuwa sunna njema kwa bakuli la oili, nasi tukairithisha kwa karatasi isiyoiweza.

Maana chujio la karatasi halifanyi kazi kama chekeche. Chekeche lina matundu, na kilicho kikubwa kuliko tundu hubaki juu. Ama karatasi ya chujio ni msitu wa nyuzi zilizopishana, na chembe ndogo hunaswa kwa kugonga uzi na kuganda hapo, na chembe ile iliyoganda nayo huwa mtego kwa nyingine ijayo. Kwa hiyo chujio jipya, safi kama karatasi ya barua, ndilo linalopitisha vumbi jingi kuliko siku nyingine zote za maisha yake, na kila safu ya vumbi inayojipanga juu yake huliongezea uhodari, mpaka wakati unapofika linakuwa zito mno kupitisha hewa na inapasa lipumzishwe. Msomaji atakayelishika neno hili moja atakuwa amefahamu kwa nini kulipuliza chujio kila wiki ni kulirudisha utotoni kila wiki.

Na kompresa ya gereji haina huruma. Pipa lake aghalabu hushindiliwa mpaka pauni 100 kwa inchi ya mraba au zaidi, na fundi hukisogeza kinywa cha bomba mpaka kikagusa karatasi, tena mara nyingi kutoka upande wa vumbi, hata chembe zilizokuwa zimenaswa zikasukumwa kuvuka ng'ambo ya pili na nyuzi zikapasuka mahali pasipoonekana. Ikiwa kitabu cha gari lako kinaruhusu kupuliza, na vingine vinaruhusu, basi ifanywe kutoka upande safi kuelekea upande mchafu, kwa shinikizo lisilozidi pauni 30, na kinywa cha bomba kikae mbali kwa kadiri ya shibiri. Kulipigapiga chujio juu ya tairi, kama nionavyo kila siku barabarani, ni kazi ya kukunja karatasi na kuuvunja mpira wa ukingoni. Yeyote afanyaye hivyo kwa gari langu hutafuta mteja mwingine.

Sasa tuje sokoni. Aina tatu utaziona. Ya kwanza ni ya karatasi iliyoshibishwa gundi maalumu. Ya pili ni ya nyuzi za viwandani, au karatasi iliyochanganywa na nyuzi hizo, ambayo hustahimili unyevu zaidi na bei yake hupanda. Ya tatu ni ya pamba iliyopakwa oili, ambayo huoshwa na kutumika tena, na ambayo muuzaji atakuambia kwamba inapitisha hewa kwa wepesi na kuongeza nguvu za farasi. Rai yangu juu ya hiyo ya tatu ni kuwa katika pikapu ya dizeli iendayo kwenye vumbi haina nafasi. Nguvu za injini yenye turbo na kompyuta haziamuliwi na wepesi mdogo wa chujio maadamu chujio halijaziba, ilhali oili ikipakwa kwa mkono mzito husafiri mpaka kwenye ule waya wa sensa; na wepesi wenyewe, ukiuchunguza, mara nyingi umenunuliwa kwa vumbi lililoachiwa njia. Wenye mashindano wana hesabu zao: injini yao hufunguliwa kila baada ya safari chache. Yangu nataka ifike kilomita 400,000 haijafunguliwa.

Vipo vipimo vya haki kwa jambo hili. Upo utaratibu wa kimataifa, namba yake ISO 5011, ambao kwa huo chujio hulishwa maabarani vumbi lililopimwa, kisha hutazamwa mambo matatu: limezuia kiasi gani, limebeba kiasi gani kabla ya kuziba, na linaipinga hewa kwa kadiri gani. Mtengenezaji mwaminifu huweza kuonyesha yote matatu. Anayejisifu kwa moja tu, hasa wepesi wa hewa, amekuficha mawili. Wala usihadaike na hesabu ya asilimia, ambayo ni mwalimu mwenye ulimi laini. Tuseme chujio moja linazuia asilimia 99.5 na jingine asilimia 97. Mnunuzi husikia tofauti ya mbili na nusu, akaiona si kitu, akachukua la bei nafuu. Lakini injini haiihesabu iliyozuiwa, yahesabu iliyopita: katika gramu 1,000 za vumbi, la kwanza limepitisha gramu 5 na la pili gramu 30. Tofauti si mbili na nusu, ni mara sita.

Majina yapo mengi. Liko chujio la Toyota lenyewe, na yako ya makampuni yanayowatengenezea wenye viwanda vya magari, kama vile Denso wa Japani, na Mann na Mahle wa Ujerumani. Yuko Donaldson wa Marekani, ambaye mwanzilishi wake, Frank Donaldson, aliianza kazi hii mwaka 1915 alipokuwa mtu wa matrekta na kuona vumbi la mashamba linavyoyaua. Yeyote kati ya hao, akiwa ni yeye kweli, atakutosheleza. Shida ya kwetu si kuchagua jina bali kuyakinisha kuwa jina na kitu ni mamoja, kwani katika maduka ya vipuri ya Gerezani pale Dar es Salaam, au ya barabara ya Kirinyaga pale Nairobi, boksi zuri lililochapishwa vizuri huweza kuwa ndilo kitu pekee kisichoghushiwa kwa uvivu. La kwangu la kwanza nililinunua duka moja mjini, kwa bei iliyonifurahisha, na ndilo lililoitia rangi leso.

Mwenye Toyota ajue kwamba namba ya chujio la hewa ya injini huanza kwa 17801, na kwamba ile inayoanza kwa 87139 ni ya chujio la kiyoyozi cha ndani ya gari, kitu kingine kabisa ambacho muuzaji mwenye haraka huweza kukupa. Ila namba ya mwanzo haitoshi, kwa sababu jina Hilux limevaliwa na magari mengi: ya Vigo si ya Revo, na tarakimu za mwisho ndizo zinazoamua. Mpe muuzaji namba ya chasisi, si mwaka wa gari wala rangi yake. Beba na chujio la zamani ulilinganishe, lakini usilifanye kadhi, kwani yamkini aliyekuuzia gari naye aliuziwa lisilo lake, nawe ukaja kununua kosa lile lile kwa mara ya tatu. Wenye Ford Ranger na Isuzu D-Max wana namba zao, na kanuni ni hiyo hiyo.

Ukikabidhiwa chujio, litoe ndani ya boksi hapo hapo dukani, wala usione haya. Anza na mpira wa ukingoni, kabla ya karatasi. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu wanunuzi wote huitazama karatasi, na karatasi mbovu hupitisha vumbi kidogo kidogo, lakini ukingo mbovu ni mlango ulioachwa wazi: hewa hufuata njia nyepesi, na upenyo wa ukucha kati ya mpira na kasha huwa ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Ubonyeze mpira kwa kidole gumba katika pembe zote nne. Uwe laini, urudi mara moja, uwe na unene mmoja kuzunguka pote, na maungio yake yasionyeshe ufa. Ulioshupaa kama plastiki ya ndoo uache. Kisha tazama mikunjo ya karatasi: iwe na nafasi sawa, imesimama wima, na imeshikwa kwa gundi isiyoacha mwanya penye ncha. Mikunjo iliyolaliana hupunguza eneo la kazi, na katika bidhaa za ghushi mikunjo huwa michache, kwani kuihesabu hakuna aijuaye isipokuwa aliyelibeba la zamani. Mwisho, liinue mbele ya jua au taa. Mwanga uonekane kwa ufifi ulio sawa. Nukta inayometa kama nyota ni tundu, na tundu moja latosha kulikataa. Mwanga mwingi mno kote kote, nao, si sifa njema.

Kufunga ni kazi ya dakika kumi ambayo huharibiwa katika dakika ya kwanza. Kabla ya kulitoa la zamani, pangusa juu ya kasha na kandokando yake, ili vumbi la boneti lisidondokee ndani. Likishatoka, ziba kinywa cha bomba liendalo kwenye turbo kwa kitambaa safi, usafishe kasha kwa kitambaa chenye unyevu, wala usilipulize kwa kompresa, kwani utakuwa umelirushia bomba lile lile vumbi ulilokuja kulizuia. Pitisha kidole mahali ukingo wa mpira unapokalia. Mchanga ulioganda hapo huuinua mpira kama kokoto chini ya mguu wa meza. Chujio likae kwa hiari yake, bila ya kusukumwa. Likihitaji kulazimishwa si lake. Funga vibanio vyote, maana kile cha nyuma ambacho mkono haukifikii vizuri ndicho ninachokikuta kimelegea mara nyingi, kisha kagua bangili ya bomba. Grisi ya kupaka ukingoni, ambayo wengine huipendekeza, si dawa ya chujio lisilotosha.

Juu ya muda wa kubadili, kitabu cha gari kina maneno yake, nacho huweka hesabu moja kwa barabara ya lami na nyingine, fupi zaidi, kwa barabara ya vumbi. Sisi sote tumo katika ile ya pili, hata anayejiona mtu wa mjini. Ikiwa gari lako lina kipimo cha mvuto wa hewa, kitii hicho kuliko kilomita. Kama halina, waweza kufungiwa kwa gharama ndogo, na wengi huweka mpaka wa kubadili karibu na kilopaskali 6. Kati ya kubadili na kubadili, usilifungue kasha kwa kutaka kujua tu, kwani kila ufunguzi huutikisa mpira na kudondosha chembe. Pasipo kipimo, moshi mweusi na gari kuchoka mlimani ni dalili za chujio lililoziba. Lakini dalili hizo huja mwisho, na vumbi linalopita ukingoni halina moshi wala mlio, lina leso tu.

Snoko, lile bomba linalopanda kandoni mwa kioo mpaka juu ya paa, ni msaada kwa anayefuatana na malori, kwa kuwa vumbi la juu ni jepesi kuliko la chini. Ila maungio yake mengi huvuja, na likifungwa vibaya huwa njia ya maji ya masika. Karatasi iliyolowa hubadilishwa, haianikwi juani. Hatua mia kadhaa nyuma ya lori la mbele yako zina faida kuliko snoko, nazo hazina bei.

Chujio lililomo sasa katika pikapu yangu lilifungwa gari likiwa na kilomita 186,400, na hesabu hiyo nimeiandika kwa wino juu ya kifuniko cha kasha pamoja na tarehe, ili fundi yeyote aisome kabla ya kunyoosha mkono. Jingine liko nyuma ya kiti, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Fundi wa Ngamiani alilipangusa bomba juma lililopita kwa leso mpya. Ilitoka na alama ya kijivu isiyozidi ukubwa wa punje ya mchele, naye akasema hiyo ni oili, si barabara.